Mkwe Wangu na Nyaya za Redio

Leo mkwe wangu msomi ameunguza redio yangu kwa kubandika karatasi.

Nyaya zangu nilizifunga vitambaa, chekundu cha redio, cheupe cha televisheni, maana kusoma sijui.
Yeye akavitupa, akaandika majina.
Si angeuliza? Lakini hapa Mbale mume wa binti hamsogelei mama mkwe wala hasemi naye. Akakisia.

Saa ya matangazo ya vifo akaichomekea redio waya wa televisheni. Ukatoka moshi.
Na dada yangu yuko Masese, mgonjwa sana.

Nikasema kwa sauti, "Binti, mwambie huyo msomi wako aisome hiyo redio, tujue nani amekufa."

Mkwe akatoka mbio kwenda kusikiliza kwa jirani. Akarudi, akasimama uani, akapaza sauti mwenyewe:
"Mama, hawajamtaja."

Mjinga kabisa. Nimempikia malewa, yale machipukizi ya mianzi, kwa karanga, sahani mbili.
Nyinyi mngempa?