Kiarabu cha Maumivu

Kila nikipita mlangoni mwa zahanati pua yangu ikapigwa na harufu ya spiriti, ile ya kufutia mkono kabla ya sindano, hujikuta nimerudi Ibra, ndani ya nyumba ya udongo, baada ya sala ya Alasiri, nimekaa mkekani mbele ya Mama. Mama keshavua viatu vyake vyeupe lakini hajabadili nguo za kazi, na harufu hiyo imemganda vidoleni. Ameshika kalamu. Ananiuliza, kwa sauti ambayo si ya mama, ni ya nesi: "Wein yi'awrish?" Wapi panakuuma?

Hapakuwa na panaponiuma. Lakini kujibu ilinibidi.

Nikuelezeni ilivyokuwa. Tulihamia Oman katikati ya miaka ya sabini, mimi nikiwa na miaka minane. Baba alipata kazi Maskati. Mama alipata Ibra, kwa sababu manesi walitakiwa huko, na huko huko ilikuwapo nyumba ya babu yake Baba, imefungwa miaka mingi. Basi wiki nzima tulikuwa wawili tu, Mama na mimi. Baba alikuja Alhamisi na Ijumaa jioni akaondoka. Nyumba ilikuwa na kuta nene mno. Ukiwa ndani husikii kitu ila maji ya falaji, ule mfereji wa kumwagilia, yakipita nyuma ya ukuta kuelekea mitendeni. Unguja nilikuwa nikisikia mtu kakohoa njiani nikajua ni nani. Ibra nilisikiliza maji.

Mama alisomea unesi Unguja, na mkono wake ulikuwa mwepesi. Watoto wengine walikuwa hawajui kama wameshachomwa sindano. Kiingereza cha kazi alikijua. Kiarabu alijua cha kusalia. Tatizo ni kwamba jina letu lilikuwa la Kiarabu, la kabila linalojulikana pale pale Ibra, na kila aliyelisikia alitegemea Kiarabu kitoke chenyewe. Daktari, Mhindi mmoja mpole aliyekuwa hajui Kiarabu kabisa, alimfanya mkalimani wake tangu siku ya kwanza. Mama aliona haya kusema kuwa hawezi.

Wiki ya pili akaja mwanamke kijana, bibi harusi wa miezi michache, kashikwa mkono na mama mkwe wake. Akasema, "Kabdi lai'a." Mama akafurahi, maana neno moja katika hayo alilijua: kabdi ni ini. Akamwambia daktari kuwa ini ndilo linalomsumbua. Daktari akambonyeza ubavuni, akampima damu, akaamrisha asiguse samli wala nyama ya mafuta mpaka arudi.

Aliyerudi ni mama mkwe, peke yake, siku nne baadaye. Kumbe "ini langu limechafuka" ndivyo wasemavyo wenyeji mtu akiona kichefuchefu. Alisimama katikati ya ukumbi mbele ya wanawake wote waliokaa kwenye mabenchi, akapaza sauti: "Mtoto ana mimba, nanyi mnamnyima samli! Nesi gani huyu asiyejua kabdi?" Wanawake wakacheka hadi wakajifunika nyuso kwa mashela. Daktari naye, alipofahamishwa, akacheka kidogo, kisha akamwambia Mama kwa upole: leo ilikuwa mimba, kesho huenda ikawa kitu kingine.

Maneno hayo ya daktari Mama alinihadithia siku hiyo hiyo, tukila. Hakulia. Alisukuma sahani, akachukua daftari langu moja jipya, akaniambia, "Wewe uko skuli na watoto wa Kiarabu kutwa. Kila siku uniletee neno moja la ugonjwa. Moja tu, mwanangu."

Mimi nilikuwa na wiki mbili nzima skuli sijafungua mdomo. Watoto waliniita Zinjibariya, si kwa ubaya sana, ila waliniita hivyo kisha wakaenda zao kucheza. Niliyekaa naye deski moja alikuwa Salma, msichana mwembamba mwenye jino la mbele lililomeguka na viganja vyekundu vya hina. Asubuhi iliyofuata nikajishika kichwa, nikakunja uso, nikamtazama. Salma akanitazama naye, akanong'ona, "Rasi yi'awrni?" Kichwa kinaniuma. Nikatoa kalamu nikaandika kiganjani kwa herufi zetu, nisije nikalisahau.

Ndivyo nilivyoanza. Siku hii nikishika shavu, siku hii mgongo, siku hii sikio. Salma hakuchoka. Aliyatamka maneno polepole, akaingiza kidole mdomoni kunionyesha koo linapokwama. Siku niliyotafuta neno la kuharisha ilinibidi niigize, na darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu wetu, abla mmoja kutoka Misri, alidhani nimebanwa kweli akanitoa mbio nje. Nilikaa chooni muda wa kutosha ili nisimfanye muongo.

Baada ya Alasiri Mama ananiuliza, nami naumwa. Leo tumbo, kesho jino, keshokutwa homa na kutetemeka. Alinifundisha kujibu kama mgonjwa: tangu lini, linachoma au linabana, linazidi ukila au ukiwa na njaa. Nami nilizipenda saa zile, sikufichi msomaji wangu, kwa sababu saa nyingine zote Mama alikuwa amechoka na macho yake yako mbali. Nilipokuwa mgonjwa alinitazama.

Baada ya miezi miwili nilikuwa najua kusema kizunguzungu kwa namna tatu. Nilijua kusema kuwa nimetapika mara mbili na mara ya pili yalikuwa maji matupu. Lakini sikujua kusema "njoo tucheze." Neno hilo halikuwa la ugonjwa, kwa hiyo hakuna aliyenituma, na mwenyewe niliona haya kuliomba.

Asubuhi moja Salma alinifungulia kitambaa chini ya deski. Ndani mlikuwa na ndimu kavu tatu, nyeusi, nyepesi kama maganda. Akanionyesha kwa ishara: zichemshwe, ninywe. Alinishika kwenye paji la uso kwa kiganja chake cha hina, akatikisa kichwa kwa huzuni kama mtu mzima. Nikatambua kuwa siku zote zile alikuwa akiniamini. Kwake nilikuwa mtoto anayeumwa kila siku kiungo kipya. Nilitaka kumwambia si mimi, ni kazi ya mama yangu, ni maneno tu. Nikayatafuta ya kusemea hayo nisiyapate. Nikamwambia kitu nilichokijua: "Batni yi'awrni." Tumbo linaniuma.

Siku ya Jumamosi nilipoingia darasani Salma alikuwa kahamia deski la nyuma. Mama yake alikuwa kamkataza. Aliogopa ugonjwa wangu usimwambukize. Hayo niliyajua baadaye. Siku hiyo nilijua tu kwamba deski limekuwa kubwa, na kwamba wasichana walikuwa na jina jipya la kuniita, al-maridha, yaani mgonjwa, na safari hii walisogea pembeni nikipita.

Sikuleta neno siku hiyo, wala ya pili, wala ya tatu. Mama akasema si kitu, turudie ya zamani. Akakaa mkekani.

"Wein yi'awrish?"

Nikaweka mkono kifuani.

"Sadri," alisema, akitafuta ukurasa wa kifua. "Haya. Min meta?" Tangu lini?

"Tangu tulipotoka Unguja."

"Kwa Kiarabu."

"Kwa Kiarabu sijui, Mama."

Kalamu ilisimama. Nilidhani nitagombezwa. Akauliza kwa Kiswahili, lakini bado ile sauti ya unesi haijamtoka, "Panachoma au panabana?"

"Hapachomi. Salma kahama deski."

Nikamhadithia yote, ndimu, jina, na jinsi wanavyosogea. Mama alisikiliza daftari likiwa wazi magotini na hakuandika hata herufi moja. Nilipomaliza alilifunga daftari. Kisha akanivuta, akanisuka nywele ambazo asubuhi ile ile alikuwa keshazisuka.

Siku iliyofuata, katikati ya somo la hesabu, mlango ukagongwa na Mama akaingia darasani na sare yake nyeupe. Alitoka kazini bila kubadili. Aliomba ruhusa kwa abla, akawageukia wasichana thelathini, akaanza kusema Kiarabu chake.

Ee Mola! Kiarabu kile kilikuwa cha maumivu matupu, kimeungwa vipande vipande. Alisema binti yake hana homa. Hana tumbo, hana kikohozi, hana upele. Yeye, Mama, ndiye nesi, na ndiye asiyejua maneno, na binti yake anamletea. Aliwachanganya mwanamume na mwanamke, akaniita mimi "yeye" wa kiume mara mbili, na wasichana wakaanza kucheka, kwanza nyuma, kisha kote. Mama alingoja wakamaliza. Mimi nilikuwa nimeinamisha uso nikihesabu mikwaruzo ya deski, nikiomba aondoke. Namsikia hadi leo akimalizia, taratibu, kila neno mahali pake: "Ma maridha. Bas wahdaha." Si mgonjwa. Yuko peke yake tu.

Abla akageuka akafuta ubao uliokuwa mtupu.

Salma hakurudi siku hiyo. Alirudi baada ya wiki mbili hivi, akakaa bila kusema kitu, akanisukumia nusu ya mkate wake. Na Mama akawa nesi ambaye wanawake wa Ibra walimuulizia kwa jina, wakikataa kumwona daktari asipokuwapo. Lakini hayo yalichukua miaka, na katika miaka hiyo sikumwambia hata siku moja kuwa ile siku nilimwonea haya. Nilidhani alikuja kunifedhehesha. Mtu aliyechekwa na ukumbi mzima kwa neno moja, akaogopa tangu hapo kufungua mdomo mbele ya mgonjwa, alikwenda mwenyewe kuchekwa na darasa zima. Na mimi nilichokiona ni makosa ya sarufi.

Sasa Mama hayupo, na liko jambo moja ninalojuta kuwa sikumuuliza. Maneno yake yote ya Kiarabu nilimletea mimi, moja moja, yameandikwa kiganjani. Wahdaha sikumletea. Skuli hakuna aliyekuwa amenifundisha. Alilipata wapi, kutwa yuko kazini na jioni yuko na mimi, na nani aliyemwelekeza namna ya kulitamka bila kukosea, sijui. Ninachojua ni kwamba mtu halitafuti neno la namna hiyo kwa ajili ya mtoto peke yake, na kwamba katika nyumba ile ya kuta nene, jioni zote zile, mimi ndiye niliyekuwa nikiulizwa wapi panauma, na hakuna aliyekuwa akimuuliza yeye.