Mikoba ya Ngozi ya Mzee Kashaija

Tangu shirika la umma alilolitumikia miaka ishirini na mbili liuzwe na yeye kupunguzwa kazi, mzee Kashaija aliishi kwa mabondo. Bondo ni kile kibofu cha hewa kilicho tumboni mwa sangara. Zamani wavuvi walikitupa pamoja na matumbo, lakini miaka ile ya soko huria wanunuzi kutoka nje walikuwa wakikigombania. Kashaija aliyakusanya kwa baiskeli, mwalo hadi mwalo, kwenye fukwe za kushushia samaki, na kuyafunga kwenye kiroba nyuma ya keria.

Asiyemjua alimwona mchuuzi tu. Aliyemjua alijua kwamba ni kaka mkubwa wa marehemu Cleophace, na kwamba Winnie, binti wa marehemu, hakuwa na baba mwingine aliyebaki. Cleophace akiwa amelazwa alimwomba jambo moja: siku wakwe watakapokuja, akae yeye kwenye kiti cha baba, na ile "ndiyo" aitamke yeye. Sasa Winnie alikuwa amechumbiwa na wakwe walikuwa wanakuja Jumapili ya pili. Kashaija hakuwa na kingine alichokitamani maishani.

"Utakaa, shemeji," alisema Felicitas, mwalimu mkuu na mjane wa Cleophace. "Lakini hicho kiroba sikitaki. Wakwe hao wa Misungwi wana macho. Wakikukuta barabarani kinakuchuruzikia, watasema wanaoa kwa wauza utumbo."

Wakaenda wote wawili Mkolani kwa Mashimba, fundi wa mikoba ya baiskeli. Mashimba alipima fremu kwa kamba, akaiweka baiskeli kwenye stendi, akamwambia Kashaija apande akanyage pedeli ili aone magoti yanapita wapi.

"Magoti yametanuka, mzee! Kiti cha ofisini hicho," alisema akicheka. "Mkoba ukizidi upana wa kiganja utakukwaruza kutwa. Tufunge miwili midogo, mmoja katikati ya fremu, mwingine chini ya kiti. Unabeba nini?"

Kashaija alimtazama shemeji yake.

"Mafaili," alijibu Felicitas.

"Mafaili ya sangara, mama? Mbona nimeyanusa mkiwa bado kule konani?" Mashimba alitungua mkoba wa turubai. "Chukueni huu. Una matundu ya shaba pembeni, upepo unapita. Bondo ambalo halijakauka ukilinyima upepo, linaharibika njiani."

"Nataka ile ya ngozi nyeusi," alisema Felicitas. "Ile yenye vifuniko."

"Ile aliagiza daktari wa mifugo, hakurudi. Haina hata tundu la sindano."

"Ndiyo hiyo hiyo."

"Mzee, mbebaji ni wewe. Sema basi."

Kashaija aliupapasa ule wa turubai. Alijua fundi anasema kweli. Lakini alikifikiria kile kiti, na Felicitas ndiye aliyekuwa na nyumba ambamo kiti kile kingewekwa.

"Ya ngozi," alisema.

Ikafungwa, mikanda ikakazwa kwenye fremu, na Felicitas akarudi nyuma hatua tatu kuitazama. "Angalau," alisema.

Wiki iliyofuata mvua ilinyesha siku nne mfululizo, na mabondo aliyoyapata yalikuwa bado mabichi. Jumamosi mnunuzi wake akawa amesafiri. Akaambiwa arudi Jumatatu. Chumba alichopanga hakikuwa na kufuli ya maana, na mtaji wake wote ulikuwa ndani ya ile mikoba. Kwa hiyo Jumapili alivaa suti yake ya kijivu, akapanda baiskeli na mabondo yake, akashika njia ya Ilemela, kwa Felicitas.

Jua lilikuwa limetoka kwa hasira. Alipokuwa akisukuma baiskeli kukipanda kilima cha mawe, alihisi ubaridi gotini. Maji ya manjano yalikuwa yakipenya kwenye mshono na suruali imeyanywa. Alipoingia getini, inzi waliingia naye. Wageni walikuwa wamewahi, wamekaa barazani wakitafuna buni.

Mzee Nathaniel, mjomba wa mchumba wa Winnie, alijiziba pua kwa leso. "Nani huyu?"

Felicitas alisimama. Alimtazama Kashaija gotini, akaitazama mikoba, kisha akamtazama usoni, bila haraka.

"Tarishi," alisema. "Analeta mizigo ya jirani."

Winnie, aliyeshika kikapu cha buni, aliinamisha macho. Kashaija alielewa kwamba neno lake moja lingeivunja posa ile pale pale.

"Shikamoo, mama," alimwambia mwanamke ambaye kwa miaka ishirini ndiye aliyemwamkia yeye.

"Marahaba. Zunguka nyuma. Na usiegemeze ukutani, rangi ni mpya."

Huko nyuma, dirisha la sebule lilikuwa wazi. Wageni walipoingia ndani aliwasikia wakimuulizia baba mkubwa wa binti. Alisubiri asikie kwamba yuko safarini, kwamba ana homa, lolote lile.

"Ndiye huyu," alisema Felicitas. "Mzee Kashaija."

Akasikika Josephat, jirani, karani wa benki, akikohoa. "Karibuni kwa marehemu mdogo wangu," alisema, akaendelea kutaja shule aliyosoma Cleophace, ugonjwa uliomchukua, na jina la mama yao. Hakujikwaa hata mara moja. Maneno yale hayakuwa yameokotwa asubuhi ile.

Baadaye Winnie alimletea sahani ya ndizi.

"Ulijua?" Kashaija alimuuliza.

"Tangu Jumatano, baba mkubwa. Mama alisema hata ukija msafi, utaishia kuwasimulia mabondo."

"Na harusini nitakaa wapi?"

Winnie alifikiri. "Mzee Josephat ameshakuwa wewe," alisema kwa upole. "Sasa tutawaambiaje? Tutakuletea chakula."

Wageni walipoaga, Kashaija alikuwa akiikokota baiskeli yake kuelekea getini. Mzee Nathaniel, aliyekuwa amefurahi na kushiba, alimsimamisha.

"Wewe mzee una adabu. Siku ya harusi njoo, utatulindia magari. Unaitwa nani?"

Kashaija alimtazama Felicitas. Felicitas alikuwa akimtazama Josephat, akimrekebisha tai.

"Mayala," alijibu Kashaija.

"Basi tumekubaliana, Mayala."

Gari la wageni likatoka.

"Mayala," aliita Felicitas kutoka barazani, "ukitoka funga geti."

Akalifunga, akiwa upande wa nje.