Kinanda Kilichochelewa Kupona

Jirani yangu hapa Rulenge ni mama mmoja, muuguzi mstaafu, na siku hizi raha yake ni kufungua vitu vilivyokufa: redio, pasi, cherehani. Hutoa meza barazani, ananawa mikono hadi kwenye viwiko, kisha anapanga skrubu kwenye sahani ya bati, kubwa kwa kubwa na ndogo kwa ndogo. Akianza kufungua, hukisemesha chombo kwa sauti ya chini: "Tulia, tulia, namaliza."

Mwezi uliopita Danstan, mwalimu wa kwaya, alimletea kinanda kilichogoma kulia upande mmoja. Mama alikuta mende wamezaliana ndani. Akakisafisha kwa pamba na spiriti, na Jumanne nilikisikia kikilia chote. Alhamisi Danstan akaja kuuliza.

"Shikamoo, mama. Kimepona?"

"Marahaba. Bado nakiangalia."

Nilishangaa, maana mama huyu hasemi uongo. Danstan alipoondoka nikamsikia mama akiutafuta wimbo wa kanisani kwa kidole kimoja, akikosea palepale, akianza upya. Jumamosi mchana, nikiwa naanua nguo, Danstan alirudi akamkuta yumo katikati ya wimbo. Mama akaondoa mkono haraka, akashika kitambaa cha kukifunika.

"Kichukue, kimepona," alisema bila kumtazama.

Danstan akavuta kigoda, akakaa kando yake.

"Mazoezi ni saa kumi, mama. Muda tunao. Rudisha mkono. Kidole gumba kiweke hapa."