Nilichoma Mkakao, Rafiki Yangu Akasema Ni Yeye

Ndiyo, kosa ni langu! Nalisema mapema ili mtu asije akanizunguka. Lakini mkidhani nitajutia kila nilichofanya siku ile, mmenikosa.

Mimi ni Mrundi, nimekulia kambini Tanzania, sasa naishi St Marys, Sydney, Australia. Kazini kwetu, nyumba ya wazee huko Seven Hills, nilikuwa na rafiki, Yami. Yeye ni Mbribri, wale wenyeji wa asili wa Kosta Rika. Miaka tisa alikuwa hajamwona mama yake. Tulipopata likizo akaniambia twende wote nikaone kwao. Nikaenda!

Kwao mnafika kwa mtumbwi asubuhi, jioni mnarudi. Njiani Yami alinieleza kwamba mkakao zamani ulikuwa mwanamke, Mungu wao akamgeuza mti. Kinywaji chake wanapika wanawake tu, na matawi yake hayachomwi kamwe. Siku hiyo mama yake alitaka Yami ndiye apike, mbele ya ukoo mzima. Mimi nilikuwa nachukua video ya mto, naitikia tu "yeah, yeah".

Tukafika. Yami anakoroga, moto unafifia. Jamani, mimi niliyeokota kuni tangu nina miaka sita, nikae nimekunja mikono? Nikainuka, nikakusanya matawi makavu nyuma ya nyumba, nikayasukuma chini ya sufuria. Moto ukawaka vizuri.

Mama akaja, akaona. Akauliza kitu kwa lugha yao. Hapo ndipo maneno ya mtumbwini yakanirudia, matawi yale yalikuwa ya mkakao! Nikafunga mdomo.

Yami akajibu neno moja. Mama akamnyang'anya mwiko, akampa dada yake Yami. Kikombe kiliponifikia nikakinywa chote. Mimi huyu!

Wakati wa kurudi nikamuuliza alijibu nini. "Nilisema ni mimi. Wewe ni mgeni wangu." Hakuongeza lingine. Tulipofika Sydney akabadilisha shift, yeye asubuhi, mimi jioni.

Kanisani wananiambia, "Achana nayo dada, mila zao si zetu." Ati nini? Angekuja mgeni kwetu akavunja mwiko wetu, tungesema hivyo? Na kwa kuinuka kusaidia siombi radhi, hata kidogo! Mama yangu hakunilea kukaa nikitazama wenzangu wanafanya kazi. Ninachojutia ni ule ukimya.

Juzi nikamngojea Yami getini. "Nipe namba ya mama, nimwambie mwenyewe."

Akanitazama sana. "Mama hana simu. Mpaka leo anaamini mwanawe amesahau kwao."

Basi narudi kule, likizo yangu yote iishie huko, anifukuze akitaka! Nawe unayesoma, ukitembelea watu, sikiliza kwanza ndipo usaidie. Ukikosea, sema upesi, kabla mwenyeji wako hajasema ni yeye. Mimi nilichelewa, na mama yule ni mzee sana.