Diski ya Mwalimu Niliifuta Mimi

Kosa ni langu, jamani. Msinitafutie utetezi.

Mimi ni fundi kompyuta hapa Tukuyu. Nimeishia darasa la saba, lakini duka nimelijenga mwenyewe, na wenye digrii huniletea mashine zilizowashinda! Sifa yangu ilikuwa kuweka Linux, ule mfumo wa bure. "Inaingia kwenye kila mashine chini ya jua," nilikuwa natamba.

Akaja mwalimu mstaafu kutoka Suma na kompyuta ndogo aliyotumiwa na mwanawe. Ilikuwa nzito kufanya kazi, akataka Linux. Ndani mlikuwa na sauti ya marehemu mama yake mwalimu akisimulia hadithi za Kinyakyusa.

"Fundi, nakili kwanza sauti za mama. Halafu mwanangu anasema prosesa yake ni ya aina ya zile za simu."

"Mwalimu, wewe fundisha watoto, mashine niachie mimi!"

Akacheka, akaondoka.

Nikachomeka flashi yangu ya Linux, mashine ikaikataa. Mwenye akili angesimama hapo! Mimi nikafungua skrubu, nikatoa diski, nikaifunga kwenye kompyuta yangu ya dukani, nikafuta kila kitu, nikaweka Linux humo humo. Kunakili? Niliona uvivu tu.

Nikairudisha. Kioo cheusi. Siku tatu, kioo cheusi!

Nimekuja kuelewa mambo yakiwa yameshaharibika: Linux kweli inaingia karibu kila mashine, ila kila aina ya prosesa, ule ubongo wa mashine, ina Linux iliyotengenezwa kwa ajili yake. Yangu ilikuwa ya kompyuta za kawaida. Nikahangaika na programu za kurudisha mafaili, hakikurudi hata kikohozi cha yule bibi.

Mwalimu alipokuja nikamwambia mashine yake feki, imejifia na diski yake.

"Ndaga, fundi. Umejitahidi."

Umejitahidi! Ananishukuru mimi!

Sasa anaizungusha ile diski kwa mafundi wa Mbeya, akitafuta sauti za mama. Akipita dukani ananiambia, "Nimesikia kuna mwingine hodari, nampelekea." Nami namtakia heri!

Mafundi wenzangu, mteja akisema nakili, nakili kabla hujagusa skrubu. Mashine ikikataa flashi, uliza prosesa yake ni ya aina gani, hata ukionekana mjinga. Nanyi wateja, fundi mwenye majigambo msimwachie kitu kisicho na nakala.

Mwalimu, kama unasoma hapa, acha kupanda magari ya Mbeya. Hamna kitu ndani ya hiyo diski.