Hodi ya Tatu

Mashine zangu za masikio nilizifungia ndani ya kopo la majani ya chai kwa miezi minne, na lawama nikawatupia watu. Zilikuwa zinapiga mluzi. Nikifunga ushungi, mluzi. Nikisujudu, mluzi tena. Siku moja kwenye khitma mtoto akauliza ndege yuko wapi, na wanawake wakacheka, hata waliokuwa wameshika juzuu. Nikarudi nyumbani nikazivua. Naishi peke yangu hapa Mgogoni, mjane, watoto wote wako Unguja.

Mimi mtu wa kununa, sifichi. Nilipougua homa wiki mbili, niliyemtazamia ni shoga yangu wa nyumba ya tatu, tuliyesoma naye chuo cha Kurani tangu tuko wadogo. Hakuja. Nilijipikia uji nikaunywa nikiutazama ukuta, na upweke ule uliniuma kuliko homa. Nilipopata nguvu nikakutana naye njiani, nikamwuliza kwa nini kanitupa.

Alinisogelea sikioni akapaza sauti. "Nlikuja, wallahi. Mara mbili nlikuja. Nkapiga hodi tatu, kimya, nkarudi. Nkadhani wanao wamekuchukua Unguja."

Nikamwambia, mbele ya watu waliotoka sokoni, kwamba anaapa uongo. Nyumba yangu mimi, nipigiwe hodi mara tatu nisisikie hata moja? Alijifunika kanga yake akaenda zake, na tangu siku ile hakupita tena mbele ya mlango wangu.

Binti yangu alipokuja kwa Idi akalikuta lile kopo, akanipeleka hospitali Wete. Mtaalamu wa masikio, mwanamke mdogo kuliko binti yangu, akavigeuza vile vipira laini vinavyoingia ndani ya tundu la sikio.

"Hivi umechaguliwa na nani, Bi?"

"Nilichagua mwenyewe. Nilitaka vidogo, visiniumize."

"Basi ndiyo maana. Kidogo hakizibi. Sauti inavuja nje, inarudi kwenye mashine, mashine inapiga mluzi."

Kabla hajavibadilisha alitaka kunipima. Akaniambia nikae nimeupa mlango mgongo, nitazame dirishani, nikisikia kitu nijibu. Nikakaa, yeye akatoka. Nje palikuwa na mshelisheli na mwanamke anaanika nguo. Nikasubiri sana, mpaka nikaanza kukasirika. Mara nikaguswa bega.

"Nimepiga hodi tatu, Bi," alisema karibu na uso wangu. "Ningekuwa mgeni wako ningekuwa nimesharudi kwangu."

Hodi tatu, maneno yale yale ya shoga yangu. Yeye hakujua kitu. Alikuwa anachagua vipira kwenye kijisahani chake. Masikio yangu kumbe si sawa. La kulia lilikubali cha kati. La kushoto kile cha kati kikalegea, akajaribu kikubwa, akakisukuma kwa kidole na kunitafunisha hewa kama mtu anayekula muwa. Hakikutoka. Akanifunga ushungi kwa mikono yake, hapakuwa na mluzi. Akatoka nje tena. Hodi ikaja nzima, safi, nikaijibu, kisha nikauficha uso kwa ushungi. Binti yangu alidhani ni furaha. Ilikuwa aibu.

Tuliporudi Mgogoni sikuingia kwangu. Nilikwenda moja kwa moja kwa shoga yangu, buibui sijalivua. Kabla sijafika mlangoni nikaisikia mbuzi yake inakuna nazi ndani, kwaru kwaru, kama zamani.

"Hodi," nikasema.

Mbuzi ikanyamaza. Alikuwa ameijua sauti yangu.

"Hodi." Nikasikia anavuta pumzi.

Ya tatu sikuipiga peke yake. "Hodi, shoga yangu. Ulikuja. Mimi ndiye nilikuwa sisikii. Nisamehe."

Ada inajulikana, hodi tatu zikikosa jibu unarudi. Mimi sikurudi, nikakaa barazani kwake karibu na kandambili zake. Baada ya kitambo mbuzi ikaanza tena kukuna, polepole, nami nikaisikiliza mpaka nazi ikaisha. Nikamsikia anaikunja mbuzi. Nikamsikia anainuka, na nyayo zake zikaja hadi karibu na mlango, zikasimama. Kisha zikageuka, zikaenda jikoni. Niliisikia kila hatua.