Kaburi Lililogeuka Unga

Ildefons Rweyemamu alijifunza kazi ya saruji kwa sababu ya vita. Vita vya Kagera vilipokwisha, kuta zilizobomolewa zilikuwa nyingi, naye akawabebea mafundi karai mpaka wakamwachia mwiko. Kufikia mwaka 1988 kuta zilikuwa zimeshazibwa, na kazi iliyobaki Kashozi ilikuwa makaburi.

Kazi hiyo haikukosekana. Ukimwi, ugonjwa ambao watu waliuita Juliana, ulikuwa ukipita nyumba kwa nyumba, na Wahaya hawampeleki mtu wao mbali. Humlaza palepale kwenye kibanja, kati ya migomba yake. Waliojiweza kidogo walitaka zege juu, na jina lichorwe kwa msumari zege likiwa bado bichi. Mwandiko wa Ildefons uliushinda wa mwalimu mkuu, na hakuchoka kuwakumbusha watu jambo hilo.

Mwezi wa nne, mvua ikinyesha na baridi ikiuma, alimsakafia Klaudia, binti wa mwisho wa mjane Georgina. Alisubiri maji yajikaushe juu ya zege, akalainisha, akachora jina. Kisha akasimamisha vijiti na kutandaza turubai juu yake hadi chini pande zote, matone yasije yakalitoboa zege.

Siku ya nne alikuja kulifunua, ndugu wakiwa wamesimama wanatazama. Lwakatare, baba mdogo wa marehemu, alipitisha kiganja juu ya jina ili kufuta vumbi. Vumbi halikuisha. Kila alipofuta lilitoka jingine, jeupe na laini kama unga wa muhogo, na herufi za Klaudia zikaondoka nalo.

Lwakatare hakupandisha sauti. Alisema tu kwamba mifuko waliyonunua ilikuwa mizima, na kwamba saruji ikipungua kwenye mchanganyiko lazima kuna mahali imekwenda. Kila aliyekuwepo alielewa. Fundi akishaitwa mwizi wa saruji mbele ya watu, aanze tu kutafuta jembe. Ildefons aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Aliomba siku moja, akarudisha turubai, akaondoka.

Kilichomchanganya ni kwamba alikuwa amelikwaruza kaburi kwa ncha ya mwiko, na chini ya ule unga zege lilikuwa gumu. Lilikuwa limeharibika ngozi tu. Mchanganyiko wake haukuwa na kosa.

Kesho yake, kumepambazuka, alirudi peke yake. Alimkuta Georgina anatoka chini ya turubai kinyumenyume, akiburuta karai bovu lililojaa makaa. Moshi ulikuwa umejaa humo ndani hadi ukawachoma macho.

Mama yule hakushtuka. Alimsalimu, akaeleza bila kuulizwa. Klaudia, miezi yake yote ya mwisho, alilalamikia baridi kuliko maumivu. Sasa wamemlaza kwenye udongo wenye maji, mvua zenyewe hizi.

“Tangu jioni ile ulipomaliza namletea moto,” alisema. “Nyumbani nilikuwa namwekea. Ningeachaje, waitu?”

Ildefons akakumbuka msimamizi mmoja wa wakati ule wa kuziba kuta, aliyemfokea kibarua kwa kuota jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa, sakafu ikiwa mbichi. Moshi ukikosa pa kutokea, alisema, hulila zege bichi usoni likabaki unga. Basi jibu alikuwa nalo. Kilichobaki ni kwenda kwa Lwakatare, maneno mawili tu, na jina lake lingerudi safi.

Alikwenda. Alimwambia Lwakatare kwamba saruji ilikuwa imelala stoo muda mrefu, kwamba yeye kama fundi alipaswa kuitambua na hakuitambua, na kwamba angerudia kazi kwa saruji yake mwenyewe. Lwakatare akamjibu kwamba amesikia. Kabla wiki haijaisha, familia mbili za jirani zilikuwa zimeita fundi kutoka Kahororo.

Ildefons aliumia, tusidanganyane. Hata hivyo alilikwangua kaburi, akalimwagia maji, akalipa zege jipya nene kuliko lilivyohitaji, unene wa kutoka kifundo cha mkono hadi ncha za vidole. Jina alilichora upya, kisha akaketi kwenye kigogo, akingoja.

Saa kumi alasiri Georgina alikuja na karai lake la makaa.

“Mama, leo usiwashe,” Ildefons alimwambia.

“Kwa nini?”

Alikuwa amejiandaa kwa swali hilo tangu asubuhi. Alimweleza kwamba saruji mpya ikianza kushika hutoa joto lake yenyewe, na hilo ni kweli. Akaongeza kwamba nene kama hii joto lake hudumu wiki nzima, na hilo halikuwa kweli.

Georgina alimtazama. Akaweka karai chini, akainua pembe ya turubai, akakilaza kiganja chake pembeni mwa zege, mbali na herufi. Alikaa hivyo muda mrefu, na Ildefons, ambaye kwa miaka mingi hakuwa ameomba kitu chochote kwa Mungu, aliomba.

“Ni kweli,” alisema mama. “Linamtosha.”

Akabeba moto wake, akaurudisha jikoni.